Mahari ya Kimilili

Wewe ungefanya nini, mgonjwa wako akipona kila akifika kwa daktari, na kuugua kila akirudi nyumbani? Hayo ndiyo yaliyomkuta Chemutai wa Saboti, karani wa ofisi ya mbegu mjini Kitale, mwaka wa tisini na nane.

Siku ya soko alijipenyeza kati ya watu mbele ya posta ya Bungoma, sketi ya buluu yenye marinda ikipepea, kompyuta ya kukunja kifuani, imefungwa kwa leso. Kijana mwenye bisibisi mfukoni akamvuta kando asigongwe na mkokoteni.

"Mtoto amerara?"

"Ana homa. Nikiandika kidogo anachemka, anazimika. Natafuta fundi."

"Si umempata. Naitwa Mukhisa. Na mama mtoto?"

Chemutai akacheka bila kutaka.

Kibandani Mukhisa aliifungua, akapuliza vumbi kwenye feni, akaiwasha juu ya ubao mtupu. Ilinguruma mpaka adhuhuri, ikabaki vuguvugu tu. Ilipofika Kitale, ikachemka tena. Ikarudishwa Bungoma, ikapona, Kitale, ikaugua. Wenzake wakaanza kumwuliza mgonjwa hasa ni nani.

Na kweli Chemutai hakutulia. Simu ya ofisi ikilia, kalamu humponyoka. Alitaka neno moja kutoka kwa Mukhisa, na Mukhisa kila siku ni feni, feni.

"Mama mtoto, sasa?" Mukhisa akauliza kwenye simu.

"Sasa sana. Imezima tena."

"Pole, mama. Nitakuja kuiona huko huko. Lakini furahi na mimi: nimepata mahari Kimilili. Nimetafuta kitambo. Mwezi ujao naenda."

Chemutai akausokota waya wa simu kidoleni. Mahari. Kumbe kuna binti Kimilili.

"Hongera," akasema, akakata.

Tangu hapo simu ikilia, aliwaambia wenzake waseme ametoka.

Wiki ile ile Mukhisa akatokea mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimejaa matope mekundu. Hakusalimiwa. Akatazama mezani. Kompyuta ilikuwa imekalia kitambaa kinene cha krosheti, rangi ya waridi, kama vile vya kufunika makochi.

"Hii nayo?"

"Nilifuma ilipoletwa. Kitu kizuri hakikai kwa meza tupu."

Mukhisa akaigeuza mashine. "Ona haya matundu. Hapa ndipo inapumulia. Umemziba mtoto pua, mama. Na kwangu ulikuwa unamleta bila kitambaa."

"Basi nimejua. Nenda na mahari yako Kimilili."

"Naenda. Iko kona ya soko. Ina stima, ina dirisha kubwa—"

"Mahari ina dirisha?"



"Mahari pa kazi," Mukhisa akasema polepole. "Chumba."

Chemutai akafunika uso, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Ni mahali, bana. Mahali. Mimi nikajua unaoa."

"Nitaoaje Kimilili, na ninachemkia Kitale?"

Chemutai akakikunja kile kitambaa taratibu. Mukhisa akaiwasha kompyuta juu ya meza tupu, feni ikavuma bila shida.

"Sema tena lile neno."

"La chumba?"

"Lile lingine."

"Mahari," Mukhisa akasema. "Nikiipata, niipeleke wapi?"

Jibu Chemutai alikuwa nalo tangu posta ya Bungoma.

"Kwetu Saboti," akasema. "Na usichelewe."