Kiti Kilichosogea Mbele

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, hata la kuchekesha. Nazih alifungua gereji ya nyumbani kwake baada ya chai ya asubuhi, akakuta kiti cha dereva kimesogea mbele mpaka kinakaribia kugusa usukani. Jana yake alikuwa amekirudisha nyuma kwa mikono yake mwenyewe, na ufunguo wa gereji ulilala mfukoni mwake. "Reli za kiti zimelegea," akajisemea, akakisukuma nyuma, akaendelea kupiga boneti msasa.

Sisi majirani zake, Waarabu wa hapa Dearborn, Marekani, tulishamzoea. Mtu amefunga bolti miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha magari, akastaafu, na badala ya kupumzika akaenda kufunga bolti bure nyumbani kwake! Gari lenyewe lilikuwa la mwaka 1969, milango miwili, silinda nane, la vijana waliotaka mtaa mzima ujue kwamba wamepita. Lilikuwa la kaka yake, Munir. Munir alifia ndani yake mwaka 1987, akiwa na miaka ishirini na minne, lilipogonga ukuta wa duka la mikate. Pale ukutani alikuwa amesimama bibi wa watu, Umm Ghassan, akisubiri duka lifunguliwe. Naye akafa.

Tangu siku ile jina la Munir halikutajwa tena katika nyumba yao. Baba yao aliacha kuswali safu ya mbele, akahamia nyuma karibu na viatu, na mpaka anakufa hakukanyaga kaburi la mwanawe. Gari alilifunika turubai. Hakuliuza wala hakulitazama. Nazih alikuwa na haja moja tu duniani: kulirudisha gari lile kama lilivyotoka kiwandani, alipitishe kwenye msafara wa magari ya zamani mwezi wa Agosti, watu wamkumbuke Munir kwa kitu kizuri, na mama yao, Hajja Samiha, mwenye miaka themanini na tisa, apate kulitaja jina la mwanawe mbele za watu kabla hajaingia kaburini.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Afif. Afif ndiye aliyekuwa garini na Munir siku ile, akatoka na mbavu tatu zilizovunjika, na ndiye aliyewaambia polisi kwamba Munir aliendesha kama mwendawazimu. Baada ya hapo akawa mtoto wa nyumba ile. Jeneza la baba yao alilibeba yeye. Kila Jumamosi, kwa miaka sita, alikuja na mikate iliyopakwa viungo vya zaatari na birika la kahawa ya iliki, wakashinda chini ya gari wakitaniana.

"Nipe spana ya nusu inchi," Nazih humwambia, "nayo ndiyo urefu wako."

"Shika, mnara usio na msikiti," Afif humjibu.

Lakini alipoambiwa habari ya kiti, Afif hakutania. Alimwita Nazih kwa heshima, Abu Jad, yaani baba wa Jad.

"Reli zile kuukuu, Abu Jad. Si nilikwambia zamani tuzitupe? Nilikuletea mpya, bado zimo kwenye boksi."

"Za kuiga hizo! Gari hili kila kitu chake ni cha asili, mpaka nati. Nije nimtilie kaka yangu vya kuiga, watu wanicheke?"

Huo ndio ugonjwa wa watu wa magari ya zamani. Atakubali kung'olewa jino kabla hajakubali kutupa chuma kilichotoka kiwandani na gari. Reli zile zilikuwa zimepindwa na ajali, kiti kimekwama juu yake, na Nazih alihangaika wiki nzima na nyundo na moto mpaka zikanyooka.

Mwezi wa Novemba alikitoa kiti akakipeleka kwa fundi wa ngozi. Alasiri ya siku hiyohiyo, akiwa peke yake anafunga kabureta, akasikia nyuma yake reli zikikwaruzana, grrrk, pole pole, kutoka nyuma kwenda mbele. Akageuka. Ndani ya gari hapakuwa na kiti. Ikaja harufu ya petroli, na tangi alikuwa ameliosha na kulikausha, na ndani ya petroli ile ikaja harufu ya mikate inayotoka tanurini, ya moto na tamu, na duka lile lilibomolewa miaka ishirini iliyopita, na kutoka upande wa abiria akasikia mtu anapumua kwa shida, pumzi zenye maji ndani yake, zikipanda, zikikatika, zikipanda tena, naye Nazih, mtu mzima mwenye wajukuu, akatoka gerejini kinyumenyume, spana mkononi, akisoma Ayatul Kursi na kuikosea.

Jumamosi iliyofuata, baada ya adhuhuri, akamleta Sheikh Radwan. Afif alikuwepo, na kiti kilikuwa kimerudi na ngozi mpya.

"Kila binadamu ana karini wake," sheikh alisema kwa sauti ya chini, "jini aliyezaliwa naye. Mtu hufa, karini hafi. Huyu wa marehemu amekaa humu."

"Basi mtoe, sheikh," Afif akanong'ona. "Mtoe upesi."

Sheikh akaanza kusoma. Honi ikalia, ndefu, na waya wa betri ulikuwa umening'inia haujaungwa popote. Kisha mbele ya macho yao watatu kile kiti kikasogea kwenye reli zake, tundu kwa tundu, mpaka mbele kabisa, kikasimama.

"Unataka nini?" sheikh akauliza.

Sauti ilitoka upande wa abiria, na Nazih aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Kile si kiti changu."

Nazih alikwenda kwenye kabati akashusha boksi la picha, maana sheria ya kazi ile ni kwamba hufungui bolti kabla hujaipiga picha. Akaipata: reli za kiti cha dereva kama alivyozikuta chini ya turubai, zimepinda, kiti kimekwama tundu la mwisho mbele. Miaka sita alikuwa nayo. Munir alikuwa mrefu kumshinda yeye. Kwenye kiti kile magoti yake yasingepita chini ya usukani. Nazih akainua macho, akaitazama miguu mifupi ya Afif.

"Majini waongo," Afif akasema haraka. "Sheikh, si ni waongo?"

"Waongo," sheikh akakubali. "Na chuma nacho?"

Afif akakaa chini sakafuni. Alipozungumza ilibidi wainame wamsikie.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwomba anipe usukani mtaa mmoja tu. Mmoja tu, Abu Jad. Baada ya ukuta nikamvuta nikamweka upande wangu. Hakuenea, nikamlaza ubavu. Nilidhani amekufa."

"Ulidhani?"

"Aliniambia nivute taratibu, bega linamuuma."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka alimpoteza zamani, hilo alishalizoea. Kilichomchoma Nazih ni zile Jumamosi. Ni mikate, ni matani, ni baba yake aliyekufa kifua kimejaa aibu na kubebwa kaburini na mtu aliyempa aibu hiyo. Kumbe miaka sita yote hakuwa amekuja kusaidia. Alikuwa akizilinda reli zisitoboe siri.

Sheikh akainua mkono amalizie kisomo.

"Msomee, sheikh," Afif akalia. "Ananifuata mpaka nyumbani, mke wangu anamsikia. Mtoe!"

"Sheikh, usisome," Nazih akasema.

Akaunga waya wa betri, akamimina petroli, akamtupia Afif ufunguo kifuani.

"Mama yuko kwa dada yangu, mitaa mitatu. Utaendesha wewe. Utamwambia wewe."

"Peke yangu?"

"Ingekuwa peke yako ingekuwa nafuu."

Tulisikia silinda nane zikiwaka, tukatoka vibarazani. Gari lilikuja mwendo wa maiti, linang'aa, na ndani tuliona watu wawili: Afif kwenye usukani, analia, na upande wake wa kulia mtu mrefu aliyeinamisha kichwa kwa kuwa paa halikumtosha, mkanda ameufunga. Tulilifuata kwa miguu.

Hajja Samiha alikuwa ameshatoka barabarani bila kuitwa, na fimbo yake, hana koti na baridi ile. Hakumtazama Afif. Alizunguka gari mpaka upande wa pili, akaweka kiganja kwenye kioo, na mbele yetu sote akasema kwa sauti ambayo hatukujua kama bado anayo:

"Munir, mwanangu, shuka."

Mlango ukafunguka.