Waya wa Chumbani kwa Binti

Mjomba wangu, fundi wa simu za mezani, si mtu wa kuamini mambo ya ajabu ajabu. Ukimwambia nyumba fulani ina mizimu, atakuuliza kama umeshaangalia nyaya. Kwa hiyo haya nayasimulia kama alivyonisimulia yeye, bila kutia chumvi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, jua kali. Aliitwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama anayeishi peke yake. Simu yake ilikuwa ikinguruma kwa wiki ya tatu sasa, tangu binti yake wa pekee alazwe hospitali ya mbali. Siku hiyo binti angepasuliwa saa nne na nusu, na daktari angepiga simu saa sita.

"Fundi, nakuomba," mwalimu alisema. "Leo siwezi kuambiwa jambo halafu nisisikie."

"Mama, ondoa shaka. Huo ni umeme tu umepotea njia."

Akaanza kazi. Akachomoa friji, redio, pasi. Muungurumo uleule. Akazima swichi kuu, nyumba nzima ikanyamaza. Muungurumo uleule. Akatoka nje hadi kwenye kisanduku cha ukutani, akazitenga nyaya za nyumba na zile za barabarani, akaunga simu yake ya kupimia. Upande wa barabarani, shwari kabisa. Basi ubovu ulikuwa ndani, kwenye nyaya zisizo na umeme hata chembe. Mjomba akajikuna kichwa.

Ndipo akauona waya mwingine, mkuukuu, umepanda darini.

"Huu unakwenda wapi, mama?"

"Chumbani kwa binti. Simu ya kule tuliitoa siku nyingi, tukaziba ukuta."

Mwalimu akarudi ndani kukaa karibu na simu. Mjomba akaufungua waya ule kisandukuni, akauunga kwenye simu ya kupimia. Muungurumo ukamjaa sikioni mpaka akafumba macho.

Sasa, mafundi wa simu wana mazoea yao. Wakijaribu laini hujitaja, kisha huhesabu, na mwenzao wa upande wa pili huendeleza. Mjomba alikuwa na miaka ishirini na sita kazini. Mdomo ulitangulia akili.

"Fundi hapa. Moja, mbili, tatu."

Muungurumo ukakatika.

"Nne," ikasema sauti ya msichana, nzito, kama ya mtu anayepitiwa na usingizi. "Tano."

Akatazama saa. Saa nne na nusu kamili. Pale mwisho wa waya hapakuwa na simu. Palikuwa na ukuta tu. Akasikia pumzi. Karibu mno.

"Fundi," sauti ikanong'ona. "Usikate."

Akakata. Anaapa kwamba hakuamua. Koleo lilikuwa mkononi, na mkono ulijikunja wenyewe kwa hofu.

Akarudishia nyaya nyingine huku jasho likimtiririka. Simu ikawa safi. Mwalimu akamshukuru, akamwomba angoje naye hadi saa sita. Mjomba alitamani kukimbia, lakini alikaa.

Simu ikalia. Mwalimu akasikiliza akiwa amesimama, muda mrefu, kisha akairudisha mahali pake polepole.

"Walimpiga nusu kaputi," alisema kwa sauti ndogo. "Wakamwambia ahesabu mpaka kumi. Alipofika tano, moyo ukasimama."

Akamtazama Mjomba kwa macho makavu.

"Laini imekuwa safi, fundi. Nimesikia kila neno."

Mjomba aliacha kazi mwezi uleule. Mpaka leo anajiuliza binti angefika ngapi kama koleo lingekuwa mfukoni. Simu ya kupimia ameifungia kabatini, waya wake ameuviringisha, haijaungwa popote. Mwaka jana, alipotoka kwenda dukani, niliitoa nikaiweka sikioni.

Inanguruma. Na chini ya ule muungurumo kuna mtu anavuta pumzi, kama anayengoja aanziwe kuhesabu.

Niliirudisha kabatini. Sikufungua mdomo.