Kampuni Iliyotaka Cherehani

Bi Uzi alikuwa anapinda sketi za shule huku mumewe akipiga pasi. Yule bwana aliyejiita wakala wa kampuni akaingia tena, na fulana yake ya nembo na maneno yake matamu. Kampuni yao ni kubwa, alisema, iko hata kwenye soko la hisa. Itazichukua cherehani zao mbili, izifunge mota, kisha izirudishe pamoja na kazi ya kushona sare. Gari litakuja Ijumaa.

Alipoondoka, mume alikuwa ameshalainika.

"Umeiona ile nembo? Kampuni ya uongo haishoni vile."

"Nimeiona, Baba Watoto. Pembeni yake kuna matundu ya sindano. Nembo nyingine imefumuliwa pale."

"Wewe hata malaika utamshuku."

Cherehani zile ndizo zilizowalisha watoto. Bi Uzi alimwomba Mungu amwonyeshe njia, kisha akavuka uchochoro kwenda kwa jirani yao mhasibu.

Jirani alimsikiliza mpaka mwisho. "Shaka unayo, dada, lakini ushahidi bado. Huenda fulana ni ya mtumba. Endelea kuomba, ila na kuuliza tuulize."

Akamweleza polepole. Kampuni ya umma iliyo kwenye soko la hisa hutangaza hesabu zake, na yeyote anaweza kuzisoma. Kampuni binafsi aghalabu haizitangazi, lakini nayo huandikishwa kwa msajili wa kampuni. Huko unaweza kuuliza anwani yake, wakurugenzi wake na kazi yake.

Walitafuta jina la kampuni kwenye simu. Soko la hisa halikuwa na kampuni ile. Kwa msajili ilikuwepo: kampuni binafsi, inauza mbao. Bi Uzi akataka kupiga namba aliyoachiwa na yule bwana.

"Hiyo atapokea mwenyewe," jirani alisema. "Twende kwenye anwani iliyoandikishwa."

Walikuta mbao kweli. Karani akasema hawana wakala wa aina hiyo.

"Cherehani za nini, mama? Tuzipigie misumari?"

Ijumaa, akiwa ameshaambiwa yote, mume mwenyewe alisimama mlangoni. "Karibu, bwana. Kabla hujabeba, tuonyeshe cheti cha usajili."

Yule bwana alisema kiko garini, anakifuata. Gari likawaka, likaenda zake.

Mume aligeuka kuzitazama cherehani. "Na mimi nilishazifunga kamba kabla hujarudi na habari."

Bi Uzi alimshukuru Mungu kimoyomoyo. "Utazifungua baadaye. Vaa viatu, tukawaambie mafundi wa mtaa wa pili kabla hajawafikia."