Jina Lililofutwa Ubaoni

"Hebu msogee jamani, mnanizibia! Yule bata ni dume au jike?"

"Dume, Doreen! Futa kioo chako, mama, kimejaa ukungu!"

Kibanda cha kuangalia ndege kule kwenye hifadhi ya kinamasi ya Hollin Fen kilikuwa kimejaa pomoni. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, bwawa limeganda nusu, na kila mtu alikuwa amebandika jicho kwenye darubini akimsaka bata mgeni ng'ambo ya maji. Bryony naye alikuwemo, lakini moyo wake haukuwa kwa bata.

Simu yake ikatetemeka. Ujumbe wa Ellis!

"Treni yangu ni saa nane. Naenda Uskoti, nimepata kazi. Vitu vyako nimemwachia mama. Kwaheri, Bry."

Huyo alikuwa mpenzi wake wa zamani. Mwaka mzima huyu mwanaume hajamtafuta, leo anamtafuta kumuaga!

Na kosa lilikuwa la Bryony. Majira ya baridi yaliyopita Ellis aliingia mbio kwenye ofisi ya hifadhi, akaandika kwenye ubao wa ndege walioonwa siku ile: "Ngojamaliko, chini ya dirisha la kibanda." Ndege huyo, jamii ya korongo anayejificha kwenye matete, hakuwa ameonekana Hollin Fen kwa miaka mingi. Wenzake wakacheka hadi kushika mbavu. Mzee Clifford akasema kijana kaona furushi la matete. Kudanganya kuwa umemwona ndege, kwa watu wale, ni aibu kuliko wizi. Bryony ndiye aliyekuwa msimamizi wa ubao. Akachukua kitambaa, akafuta maneno ya mpenzi wake mbele ya watu wote. Ellis akatoka, na mapenzi yakaishia pale.

Bryony aliinamisha kichwa asome ule ujumbe tena. Ndipo macho yakapita juu ya simu, yakatua chini ya dirisha.

Matete yalikuwa na macho!

Ndege mnene, rangi ya nyasi kavu, mdomo kauelekeza juu, kasimama tuli kabisa. Karibu kiasi cha kumtemea mate.

"Acheni darubini," Bryony alinong'ona. "Acheni darubini, mtazame chini. Ngojamaliko!"

"Wapi?"

"Hapo hapo! Chini ya pua yako, Clifford!"

Mzee Clifford akachungulia. Kikombe cha chai kikamponyoka.

"Mungu wangu! Basi yule kijana alisema kweli."

Bryony alikuwa ameshatoka nje, simu sikioni.

"Ellis! Usipande treni! Yupo! Palepale ulipomwona wewe!"

Sauti nzito ikajibu: "Kwa hiyo leo unaniamini. Kwa sababu umemwona kwa macho yako."

"Ellis, mpenzi..."

"Mimi nilitaka uniamini siku ile, Bryony. Siku ambayo hakuna mwingine aliyeniamini."

Ellis akakata. Bryony akampigia tena, hapokei.

Bryony alilia, lakini alilia huku anatembea. Aliingia ofisini, wenzake nyuma yake, akashika chaki.

"Andika jina lako," Clifford akamhimiza. "Wa kwanza kumwona ndiye mwenye sifa. Utakumbukwa hapa hadi uzeeke!"

"Mwenye sifa yupo stesheni."

Akaandika kwa herufi kubwa: NGOJAMALIKO. WA KWANZA KUMWONA: ELLIS, MWAKA JANA. NILIMFUTA MIMI, BRYONY. NILIOGOPA KUCHEKWA. NAMPENDA.

"Makubwa haya!" Doreen akapiga picha, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la waangalizi. Ellis hakuwahi kujitoa kundini.

Saa nane ikapita. Bryony akarudi kibandani, akakaa, hana hamu hata ya chai. Treni ilikuwa imeshaondoka.

Ghafla mlango ukafunguka kwa kishindo. Ellis! Begi mgongoni, anahema, pua nyekundu kwa baridi.

"Yuko wapi?"

Bryony alisimama. "Nani, mimi au ndege?"

"Ndege! Wewe nakuona!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko, kisha wote wakabana midomo wasimfukuze ndege. Ellis akapiga magoti dirishani. Ngojamaliko bado alikuwepo, akinyata taratibu kwenye barafu. Ellis akatazama hadi machozi yakamtoka. Mzee Clifford akamgusa bega.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikucheka."

"Yameisha, Clifford."

Bryony akapiga magoti kando yake. "Na kazi ya Uskoti?"

"Sikuitaka. Nilikuwa nakukimbia wewe." Akamgeukia. "Picha niliisoma nikiwa mlangoni mwa treni. Uliandika vile mbele ya wote?"

"Mbele ya wote. Kama nilivyokufuta."

"Na kesho wakinicheka kwa jambo jingine, utanifuta tena?"

"Wakikucheka, watatucheka wawili."

Ellis akaishika mikono yake iliyojaa chaki, akaipuliza ipate joto, halafu akambusu.

"Jamani," Doreen akanong'ona, "ndege kaondoka, na hakuna hata mmoja wenu aliyemwona!"