Maji Yaliyommeza Jovitus

Jioni hiyo Anatory alikwenda Xintang, mji wa viwanda vya nguo, kukagua mzigo wake wa suruali za jinzi, basi. Kuvua samaki hakukuwamo kabisa. Lakini laoban, Mchina mwenye karakana, akamwambia mafundi bado wanapiga pasi, akamtia mkononi fimbo ya kuvulia na chambo, chura wa mpira.

"Nenda bwawani hapo nyuma. Mwaka jana wewe na rafiki yako mlipapenda sana. Yuko wapi siku hizi?"

"Yupo," Anatory akajibu, akatoka haraka asije akaulizwa la pili.

Yupo! Kweli ulimi hauna mfupa.

Jovitus, binamu yake, alikuwa chini ya maji hayohayo tangu msimu wa joto uliopita. Chura wake alinasa kwenye magugu, akaingia kumnasua, magugu yakamshika miguu. Aliita. Anatory, ambaye viza yake ilikuwa imekwisha, akawaza polisi watakaokuja... akatimua mbio. Kisha akampigia simu Clementina, mke wa marehemu, akamwambia mumewe kahamia mji mwingine kutafuta maisha. Mama wa watu akafunga safari kutoka Bukoba. Sasa alikuwa akiishi mtaa wa Sanyuanli, katika chumba cha pili cha huyohuyo shemeji yake, kila siku akiuliza, kila siku akidanganywa. Aibu ilimla Anatory.

Na kijijini kwao, kando ya ziwa, maji yaliyomeza mtu hayatiwi ndoana mpaka mtu huyo atolewe azikwe. Alilijua hilo tangu utotoni. Akarusha chambo hivyohivyo, maana laoban alikuwa dirishani akimtazama.

Chura akarukaruka juu ya magugu. Chubwi... chubwi...

Akaendelea kuvuta.

Harufu ya tope ikamjia, nzito. Mshipi ukakazika. Samaki wa pale, luyu wa mdomo mpana, akinasa huruka na kutapatapa. Hiki hakikutapatapa. Kilikuja polepole, kizito, kikiyasukuma magugu huku na huku...

"Taratibu," sauti ikanong'ona kwa Kihaya. "Mguu wangu bado umenasa."

Anatory akaitupa fimbo. Akakimbia, mara ya pili.

Akapanda treni ya kurudi nyumbani. Leo namwambia Clementina, akaapa. Liwalo na liwe.

Clementina alimfungulia mlango akitabasamu, kidole mdomoni. Taa zote zimezimwa. Bafuni maji yalikuwa yakichuruzika, na chumba kizima kilinuka tope.

"Polepole, shemeji," akanong'ona. "Amefika. Amechoka, hataki taa."

"Nani?"

"Jovi wangu."

Anatory akamshika mkono. "Shemeji, nisamehe. Jovitus alikufa. Alizama mbele ya macho yangu."

Maji bafuni yakakatika.

Clementina hakulia. Aliutoa mkono wake taratibu, na tabasamu likamwisha.

"Amenieleza," alisema. "Anasema ulipoondoka alikuwa hai, Anatory. Alishika magugu, kichwa kiko juu, anakuita. Akavisikiliza viatu vyako mpaka ulipofika barabarani."

Kisha akasogea pembeni, ampishe aingie.