Honi ya Basi kwenye Baiskeli

Saa kumi na mbili asubuhi, Manundu nzima ilijua kwamba Kibwana ameanza kazi. Pwaaa! Pwaaa! Kama hukuwahi kuisikia honi ile, shukuru Mungu wako. Mbwa walibweka. Wazee waliokuwa wakitawadha walimwaga maji. Watoto wachanga waliamka wakilia, na mama zao wakamtukana Kibwana kimoyomoyo.

Tatu, mke wake, alikuwa akikoroga uji. Mkono wake ulisimama. Alisikiliza mpaka honi ikafifia upande wa sokoni, ndipo akaendelea kukoroga. Kila siku ilikuwa hivyo. Tatu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba ya kwanza iliharibika mwaka uliotangulia, 1972, na hii aliilinda kama yai.

Kazi ya Kibwana ilikuwa kupeleka mikate. Aliichukua kwenye bekari ya Bwana Akber, akaipakia kwenye baiskeli, akaigawa kwenye vibanda vya chai. Watu wanataka mkate kabla ya kwenda kazini, kwa hiyo Kibwana alikuwa mtu wa haraka. Alikula haraka, aliswali haraka, hata usingizini alipiga mateke.

Honi yenyewe haikuwa ya baiskeli hata kidogo. Ilitoka kwenye basi kuukuu lililokufa kule Mkata. Ilikuwa na mdomo mpana wa shaba, na nyuma yake mpira mkubwa. Ukiuminya mpira, honi inalia kama basi lenyewe. Kibwana aliifunga kwenye usukani kwa waya, na kengele yake akaigawa bure.

Siku moja Tatu alikwenda sokoni kununua dagaa. Pale kituoni akina mama waliketi na vikapu vya machungwa, wakisubiri basi la Tanga. Basi likija, kila mmoja hukimbilia dirishani, maana abiria hawashuki. Anayewahi ndiye anayeuza.

Pwaaa!

Akina mama waliinuka wote pamoja. Walibeba vikapu, wakakimbilia barabarani bila kutazama. Lo! Hapakuwa na basi. Alikuwa Kibwana na mikate yake, anakuja mbio. Bibi Chausiku alirudi nyuma, akajikwaa, akaanguka. Machungwa yakatawanyika barabara nzima.

"We Kibwana!" Bibi Chausiku alifoka. "Tangu lini mkate ukawa basi?"

Watu walicheka. Kibwana naye alicheka, akapita. Tatu hakucheka. Aliweka dagaa chini, akamwokotea bibi machungwa yake.

Jioni ile alimwambia mumewe, "Iondoe honi hiyo, nakuomba. Leo umemwangusha mtu mzima."

"Tatu, mjini hapa asiye na sauti hapewi njia," Kibwana alijibu. "Tumepata uhuru, lakini madereva wa malori bado ni wakoloni. Wakisikia honi yangu, wanakaa pembeni."

"Na breki zako je? Umezitengeneza?"

"Honi ndiyo breki yangu."

Mnaona jibu hilo! Na mtu mwenyewe ana akili zake timamu.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Kibwana aliteremsha sanduku la mikate, ambayo angeigawa akirudi, akafunga mto kwenye karia. Tatu aliketi upande, akamshika kiunoni.

"Polepole, baba."

"Nakwenda polepole," alisema Kibwana, na papo hapo akaongeza mwendo.

Karibu na daraja walilikuta lori la mkonge. Lilikuwa limeshindiliwa mzigo, likijikokota katikati ya barabara. Kushoto palibaki nafasi ndogo. Kibwana hakuweza kungoja. Hajawahi kungoja kitu maishani mwake. Alijipenyeza ubavuni mwa lori.

"Usipite hapo!" Tatu alipiga kelele.

"Atatupisha tu," alisema, akaminya mpira. Pwaaa! Pwaaa!

Lori lilihama. Lakini halikwenda kulia. Lilikuja kushoto, juu yao. Tatu aliliona gurudumu linazunguka karibu na goti lake. Kibwana alishika breki, breki hazikushika. Alikata kona kwenye mtaro, na wote wawili wakaanguka.

Tatu aliangukia ubavu. Kulikuwa na majani na tope. Alishika tumbo kwa mikono miwili, akabaki amelala hivyo hivyo.

Lori lilisimama. Dereva aliruka chini, akaja mbio. Alikuwa mtu mnene wa makamo, jina lake Kaleb, mtu wa Kwashemshi. Alitazama barabarani nyuma, akatazama mbele.

"Basi liko wapi?" aliuliza.

"Basi gani?" Kibwana alifoka, tope usoni. "Umetaka kutuua!"

"Nimesikia basi linataka kunipita. Nimelipisha!"

Kisha Kaleb akaiona honi kwenye baiskeli, akamwona na Tatu. Walimwinua Tatu pamoja, wakampandisha kwenye lori, wakaenda hospitali.

Mkunga, Mama Mdoe, alimlaza kitandani. Aliweka bomba la kusikilizia tumboni, akatega sikio.

"Tangu nianguke hajacheza, mama," Tatu alisema.

"Nyamaza kidogo, mwanangu, nisikie."

Alihamisha bomba. Akalihamisha tena. Tatu alitazama uso wake bila kupepesa.

"Moyo unapiga," alisema Mama Mdoe. "Ila utalala hapa kwanza nikuangalie. Akicheza, niite. Ukiona damu, niite upesi."

Alilala. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Nje ya dirisha Kibwana alitembea kutoka ukutani mpaka kwenye mwarobaini, akarudi, akaenda tena. Kaleb alikuwa amekwenda kushusha mkonge. Tatu alijigeuza, akajigeuza tena. Aliongea na mtoto kwa Kizigua, akamwomba, akamgombeza, akamwomba tena. Alimkasirikia mumewe, kisha akamhurumia, kisha akamkasirikia upya.

Saa nane mtoto alipiga teke. Moja tu. Tatu alilia kwa sauti, na Kibwana, aliyedhani ni msiba, akaketi chini kwenye vumbi.

Mama Mdoe alisikiliza tena, akamruhusu kwenda. Alasiri Kaleb alirudi na lori tupu, akawapeleka nyumbani, baiskeli nyuma. Alisimamisha lori penye uwazi, akazima injini.

"Bwana mdogo," alimwambia Kibwana, "njoo ukae mahali pangu. Shika usukani. Jifanye unaendesha."

Kibwana alikaa. Tatu alikuwa pembeni yake. Kaleb aliteremka, akachukua baiskeli, akapotea nyuma ya lori.

"Nitazame kwenye kioo!" alisema kwa sauti. "Unaniona?"

Kibwana alitazama kioo cha kulia. Akainama, akatazama cha kushoto. "Sikuoni."

Ghafla, pwaaa!

Tatu aliruka kitini. Halafu aliona ajabu. Mikono ya Kibwana ilikuwa inauvuta usukani kushoto. Yeye mwenyewe hakujua. Lori lilikuwa limesimama, na bado mikono ilitaka kulipisha basi.

"Tazama mikono yako," Tatu alisema taratibu.

Kibwana aliitazama. Akaiondoa haraka.

Kaleb alikuja mlangoni. "Umevuta wapi?"

"Kushoto," alijibu Kibwana. Sauti ilikuwa ndogo.

"Na baiskeli hupita wapi?"

"Kushoto."

"Basi ndiyo hivyo. Dereva akisikia honi kubwa nyuma, anatafuta gari kubwa. Anaacha kulia wazi ili lipite. Wewe umempa habari ya uongo, naye kwa adabu zake anakulalia. Kengele haidanganyi. Ikilia, kila mtu anajua ni baiskeli, na anajua aitafute wapi."

"Lakini kengele haisikiki kwenye lori," Kibwana alibisha. Ubishi haumtoki mtu siku moja.

"Haisikiki, ndiyo. Kwa hiyo usiibane ubavu wa lori, na usijifiche nyuma yake. Kama wewe hukioni kioo changu, mimi sikuoni wewe. Kaa mbali, ngoja. Kengele ni ya watu wa miguu, nayo uipige mapema, ukiwa mbali, siyo mgongoni mwa mtu. Mtu akishtuliwa hatazami, anaruka tu. Penye watu wengi shuka, ukokote."

"Na mikate yangu? Nikichelewa je?"

Tatu hakungoja Kaleb ajibu. "Leo imefika saa ngapi?" aliuliza.

Siku ile mikate haikufika kabisa.

Kesho yake Kibwana alikwenda kwa fundi. Alifunga breki mpya mbele na nyuma, na kengele. Honi aliipeleka kwa fundi wa bati, ambaye aliikata mbele ya macho yake. Kisha akamwomba Bwana Akber ampakilie mapema kidogo. Bwana Akber alinung'unika, akakubali. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu kwa Tatu. Alizoea kuisikia honi na kujua mumewe yuko wapi. Sasa hakusikia kitu. Alitoka mlangoni, akaingia, akatoka tena, mpaka kengele ilipolia karibu. Lakini Kibwana alirudi kila siku, mzima, na Bibi Chausiku akaanza kuitikia salamu yake.

Mwezi wa tisa ulipotimia, uchungu ulimshika Tatu asubuhi ya siku ya gulio. Kibwana alimpandisha kwenye baiskeli, akaikokota. Barabara ya sokoni ilijaa watu, mbuzi na mikokoteni.

"Kimbia!" Tatu alisema, meno yamekazana. "Wapigie kelele wapishe!"

Kibwana hakukimbia. Aligonga kengele akiwa bado mbali. Ngirin, ngirin. Watu waligeuka, wakatazama, wakaona.

"Jamani, mpisheni mjamzito!" Bibi Chausiku alipaza sauti, akaacha kikapu chake. Alishika karia upande mmoja, mama mwingine upande wa pili. Umati ulifunguka, hakuna aliyekurupuka, hakuna aliyeanguka. Walikwenda mwendo wa mguu mpaka mlangoni kwa Mama Mdoe.

Saa saba mchana mtoto wa kike alizaliwa. Kwanza alikuwa kimya. Mama Mdoe alimfuta pua na mdomo, akamsugua mgongo. Tatu aliinua kichwa. Chumba kizima kilikuwa kimya, na ukimya ule ulimtisha kuliko honi zote za dunia.

Ndipo mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, mpaka Kibwana akamsikia huko nje.

"Mpe ziwa anyamaze," alisema mama wa kitanda cha jirani.

"Mwache kidogo," alisema Tatu, machozi yakimtoka. "Lia, mwanangu. Lia."