Magunia Manne ya Dagaa

Mashine ya Bundala huamka mapema kuliko kuku wanaosubiri chakula chake. Saa kumi na mbili asubuhi inakohoa mara mbili, inatema moshi, na mtaa mzima pale Bariadi unajua kumekucha.

Kazi ni ile ile kila siku. Pumba za mahindi, mashudu ya pamba, chokaa, chumvi kidogo na unga wa dagaa. Vinachanganywa, vinajazwa kwenye mifuko, vinashonwa. Mchanganyo mmoja unatoa mifuko minne ya chakula cha kuku. Kwa siku wanachanganya mara nne. Kesho yake tena. Bundala alishona hadi ndotoni. Mkewe, Felisita, aliwahi kuamka na kukuta shuka limekunjwa mdomo, tayari kwa sindano.

"Pumba pimeni ninyi," Bundala huwaambia wenzake. "Dagaa napima mwenyewe. Dagaa ni pesa!"

Ufunguo wa stoo alikuwa nao Shigela, mdogo wake Felisita. Mtu mpole, mwenye maneno machache, lakini kila neno lake lina mwiba.

Biashara ilikuwa na ajabu moja. Wateja wanapanga foleni, mifuko inaisha, lakini pesa ya kununua dagaa wengine haitoshi. Wakiuza sana ndiyo wanazidi kukosa. Bundala alijikuna kichwa mpaka kofia ikachoka.

Jirani yao, Gloria, anafanya kazi ya mipango katika kiwanda cha kuchambua pamba. Akawawekea kwenye simu programu ya kupanga kazi na gharama.

"Debe moja la dagaa ni kilo ngapi?" aliuliza.

"Kumi. Kila mtu anajua," alisema Bundala.

"Na mchanganyo mmoja?"

"Madebe mawili."

Gloria akaandika kilo ishirini. "Sasa kila jioni andika idadi ya mifuko mliyoshona, basi. Vitu vilivyotumika programu itavitoa yenyewe."

Bundala akatikisa kichwa kukubali. Kichwa kilikubali. Akili ilibaki nje ya mlango.

Walianza na magunia ishirini ya dagaa. Siku kumi zikapita. Asubuhi ya siku ya kumi na moja, Bundala akafungua simu. Simu ikasema: dagaa, magunia manne. Akaenda stoo, ambayo Shigela alikuwa ameiacha bila kufuli alfajiri, akafungua mlango. Stoo haikusema kitu. Ilikuwa tupu.

Akafunga mlango, akafungua tena taratibu, labda magunia yalikuwa yamejificha. Wapi!

"Mama Joyness!" aliita. "Simu ina dagaa, stoo haina!"

"Basi chota kwenye simu," Felisita akajibu kutoka jikoni.

"Sitanii! Magunia manne yamekwenda wapi?"

Akawaza chuma ulete. Wapo watu, wanasema, wanaovuta mali ya mwenzao bila hata kuigusa. Lakini chuma ulete wa dagaa? Mbona hakuvuta redio? Halafu akawaza jambo baya zaidi. Ufunguo anao nani?

Felisita alikuja na mwiko mkononi. Alimtazama mumewe usoni, akasoma yote.

"Baba Joyness, usiseme hilo neno."

"Sijasema."

"Unalitafuna. Ukimwita ndugu yangu mwizi, mimi na yeye tunapanda gari moja kwenda kwa mama kule Sapiwi. Na kuku watakupikia wao."

Wakati huo huo Shigela akaingia na gunia moja la dagaa mgongoni. Alikuwa amekuta stoo tupu alfajiri, akawahi sokoni ili kazi ya leo isilale.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka," Bundala aliitikia salamu hiyo ya Kisukuma, macho chini.

Shigela akatua mzigo. Akamtazama dada yake, akamtazama shemeji yake. Akautoa ufunguo mfukoni na kuuweka juu ya gunia.

"Nimesikia tangu getini," alisema. "Shika, shemeji. Usije ukaniomba mbele ya watu."

Bundala hakuushika. Hakuukataa pia. Alisimama kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua.

Felisita akampigia Gloria.

Gloria alikuja kabla ya kwenda kazini. Mlangoni akakutana na Elina, mfugaji wa kuku, ameshika trei ya mayai.

"Bundala, ndugu yangu," Elina alisema, "mayai ya kuku wangu yananuka samaki. Jana mume wangu kauliza kama nimekaanga yai au sato!"

Bundala akaona dunia imemgeuka. Stoo haina dagaa, mayai yana dagaa!

Gloria akacheka kidogo. "Tuanze kazi. Fanyeni kama kila siku. Mimi naangalia tu."

Bundala akachukua debe, akalijaza unga wa dagaa mpaka ukingoni. Hakuishia hapo. Akaongeza, akapigapiga kwa kiganja, kilima kikasimama. Akachota kidogo tena, akamwagia juu.

"Hicho cha mwisho ni nini?" Gloria aliuliza.

"Cha baraka. Marehemu mama alikuwa anasema debe lililofutwa ni la kumpimia adui. Mimi sina uchoyo."

"Mzani wenu uko wapi?"

Wakatazamana. Mzani ulikuwepo. Ulikuwa umebeba redio. Shigela akaiondoa redio, akafuta vumbi. Wakapima debe tupu, kisha debe la Bundala. Wakatoa uzito wa debe.

"Kilo kumi na mbili na nusu," Shigela akasoma.

Gloria akachukua kijiti kilichonyooka, akafuta kilima. Wakapima tena. Kilo kumi kamili.

"Sasa sikilizeni," alisema Gloria. "Simu haioni stoo. Inajua tu kile ulichoiambia. Ukisema umeshona mifuko minne, inatoa kilo ishirini za dagaa, kwa sababu ndicho kipimo ulichonipa. Wewe ukatumia ishirini na tano. Kilo tano zaidi kila mchanganyo. Mara nne kwa siku, kilo ishirini. Siku kumi?"

"Mia mbili," alisema Felisita. "Gunia ni kilo hamsini. Magunia manne!"

"Ndiyo. Na kila mfuko ulibeba kilo moja na robo ya dagaa wa bure. Dagaa kilo ni elfu nne. Hiyo ni elfu tano. Faida yenu kwa mfuko ni kiasi gani?"

"Elfu nne," Bundala alisema polepole. Akahesabu vidole. "Kwa hiyo kila mfuko..."

"Unamlipa mteja elfu moja aubebe."

Elina akakohoa. "Mimi nilishukuru sana," alisema.

Bundala akakaa juu ya pumba. "Sasa simu ilikuwa inadanganya, au haikuwa?"

"Ilikuwa inauliza," alisema Gloria. "Simu na stoo zikitofautiana, usitafute mtu. Tafuta kipimo. Na usingoje stoo iishe. Kila Jumamosi hesabu magunia, linganisha na simu. Kosa la wiki moja ni dogo, la miezi sita linafunga kiwanda."

Shigela alikuwa bado amesimama. "Shemeji," aliuliza, "huyo mwizi tumpeleke polisi, au tumwachie apime pumba?"

Bundala akainuka. Akauchukua ufunguo juu ya gunia, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Nisamehe, shemeji. Nilimtafuta mwizi kila mahali, kasoro chini ya kofia yangu."

Tangu siku hiyo redio inakaa dirishani. Kila debe linafutwa kwa kijiti, kisha linapanda mzani. Mifuko nayo inapimwa kabla ya kushonwa. Jumamosi ya kwanza, simu na stoo zilipishana kilo mbili. Ya tatu, hata kilo moja haikufika. Mayai ya Elina yalirudi kuwa mayai. Mwezi ulipoisha, Bundala alinunua magunia ishirini ya dagaa bila kukopa, na pesa ikabaki.

Siku hiyo akapima debe la mchele wa kumpelekea mama mkwe kule Sapiwi. Akajaza, akapigapiga, kilima kikasimama. Shigela, kwa mazoea, akanyoosha kijiti.

Bundala akamdaka mkono.

"Wee! Huo hauingii kwenye simu. Ongeza cha baraka."